Kuandika, kuchuja, kuamini nyota au kuonyesha mfano: njia ipi imfae anunuaye friji mtandaoni?

Mtu hununua friji mara chache maishani, na akiitunza vyema huenda asifikirie nyingine kwa miaka kumi. Ndiyo maana siku anapofungua katalogi ya duka la mtandaoni, akakuta friji mia tatu zimepangwa kwa picha ndogo ndogo, kila moja na nambari zake na nyota zake, hujiona mgeni katika soko ambalo muuzaji wake haonekani. Fundi wa friji angejua pa kuanzia. Mnunuzi wa mara moja moja hajui, na katalogi nyingi zimepangwa kana kwamba anajua.

Mwezi wa Februari nilikaa na dada yangu jioni mbili, nyumbani kwake Kibokoni, Mombasa, tukitafuta friji ya kushika nafasi ya ile iliyokufa kompresa. Mahitaji yake yalikuwa wazi kwake, ingawa hayakuwa katika lugha ya katalogi: watu watano nyumbani, jiko dogo lenye dirisha dogo, umeme wa tokeni, samaki wa wiki nzima anayenunuliwa siku moja, na fedha zisizozidi shilingi 40,000. Juu ya hayo palikuwa na ngazi. Nyumba ni ya kizamani, yeye anakaa ghorofa ya pili, na kwenye kona ya ngazi upana ni sentimita 63, ambao niliupima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Tulizijaribu njia ambazo katalogi humpa mnunuzi ili achague, na ninazilinganisha hapa kwa swali moja tu: je, njia hii inamsaidia mtu anayejua anachotaka lakini hajui kinaitwaje?

Kuandika neno na kupanga kwa bei

Njia ya kwanza ndiyo inayotangulia machoni, yaani kisanduku cha kutafutia, na ndiyo iliyotusaidia kidogo kuliko zote. Dada yangu aliandika "jokofu", akaletewa sanduku la plastiki la kuhifadhia chakula na vibandiko vya kupamba mlango. Akaandika "friji", zikaja chache. Alipoandika kwa Kiingereza ndipo ukurasa ulipofurika. Kisanduku hulinganisha herufi alizoziandika mnunuzi na herufi alizoziandika muuzaji, kwa hiyo anayeingia na Kiswahili chake cha nyumbani huadhibiwa kwa kosa ambalo si lake.

Kisha akaamuru bidhaa zipangwe kuanzia bei ya chini. Ukurasa wa kwanza ukajaa vitambaa vya kuvika mpini wa friji, mikeka ya kutandika rafu, sumaku za mlangoni na balbu ndogo, na friji ya kwanza kuonekana ilikuwa kisanduku cha lita nne cha kuwekea vipodozi ndani ya gari. Mashine ilitii ilichoambiwa, kwani vyote hivyo vina neno friji katika jina lake na vyote ni rahisi kuliko friji.

Mpango ambao katalogi huanza nao yenyewe, ule unaoitwa "maarufu" au "uliopendekezwa", nao una lake. Katika maduka mengi, safu za juu huchanganya bidhaa zinazouzwa sana na zile ambazo muuzaji amelipia zionekane, na neno "tangazo" huandikwa kwa herufi za kijivu ambazo macho huziruka. Njia hii ya kuandika neno ninamwachia mtu mwenye nambari ya modeli mkononi, aliyekwisha kuamua na sasa anataka kujua ni duka gani linaiuza kwa bei nafuu. Huyo atamaliza kazi kwa dakika tano.

Vichujio

Vichujio ni vile visanduku vya kuweka alama pembeni mwa ukurasa: bei kuanzia hapa hadi pale, ujazo wa lita kadhaa, rangi, idadi ya milango. Faida yake haina ubishi, kwa kuwa friji mia tatu huwa thelathini kwa kugusa mara tatu. Lakini kichujio hukata kwa panga. Tulipoandika 40,000 kuwa kikomo cha bei, friji ya 40,500 iliyokaribia sana alichokitaka dada yangu ilifutika bila kuaga, na hatungejua kama ilikuwapo lau hatungeiona siku ya pili kwa njia nyingine. Dukani mtu husema "elfu arubaini" akiwa na maana ya "hapo hapo karibu", na muuzaji huelewa. Kichujio hakina karibu.

Kasoro ya pili ni ya wauzaji. Kichujio husoma nafasi ambazo muuzaji alipaswa kuzijaza alipokuwa akiingiza bidhaa, na wengi huandika "207L" kwenye jina la bidhaa halafu nafasi ya ujazo wakaiacha tupu. Ukichuja kwa lita, friji hiyo haihesabiwi kuwa ina ujazo wowote, nayo inatoweka. Hata zilizojazwa hazilingani, kwa sababu wengine hutaja ujazo wote wa ndani na wengine hutaja ule unaotumika baada ya kutoa nafasi ya rafu na droo, hivyo lita 210 za huyu zinaweza kuwa chache kuliko lita 200 za yule.

Kuna imani kwamba wingi wenyewe ndio ugonjwa, na kwamba kupunguza ndiyo dawa. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 2000, wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper walipochapisha jaribio lao la meza ya jamu katika duka moja la California: waliowekewa aina 24 walisogea wengi kuonja, lakini walionunua walikuwa kama asilimia 3, ilhali kwa waliowekewa aina 6 walinunua kama asilimia 30. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya pamoja majaribio mengi ya namna hiyo, ulikuta kuwa kwa wastani athari ya wingi inakaribia sifuri. Nionavyo mimi, yule aliyekwisha kujua anachokipenda hatishwi na meza iliyojaa, na anayetishwa ni yule asiye na kipimo cha kutofautishia. Kumpunguzia idadi bila kumpa kipimo ni kumwachia mashaka yale yale mbele ya bidhaa chache zaidi.

Kwa hiyo vichujio vinafaa kwa yale yasiyojadilika tu. Kwetu sisi yalikuwa mawili. La kwanza ni upana, kwa ajili ya ngazi. La pili ni umeme: Kenya hutumia volti 240, hezi 50, na plagi ya pini tatu za bapa, na katika katalogi zinazochanganya bidhaa mpya na za mitumba unaweza kukuta friji iliyotoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 100, ikiuzwa kwa bei ya kuvutia bila neno lolote kuhusu transfoma. Mengine yote, bei ikiwemo, heri uyaache yanywee na kupanuka.

Nyota

Hapa pana mambo, na ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa, kwa sababu katika ukurasa wa friji moja mnaweza kukaa nyota za aina tatu zisizo na undugu wowote.

Za kwanza ni nyota za wateja. Dada yangu alivutwa mara moja na friji yenye nyota 5.0, akaipita ile ya 4.3. Nikamwomba atazame mabano: ya kwanza ilikuwa imepimwa na watu watatu, ya pili na watu 400. Tukafanya hesabu kwenye karatasi. Watu watatu wakitoa tano tano ni kumi na tano. Akija wa nne akatoa moja, jumla ni kumi na sita kugawanya kwa nne, na ile 5.0 imeshuka hadi 4.0 kwa hasira ya mtu mmoja. Mtu huyo huyo akienda kwenye ile ya 400, wastani unatoka 4.30 hadi 4.29. Nyota nyingi za watu wachache ni habari ambayo bado haijatulia, na katalogi inapopanga bidhaa kwa wastani bila kujali idadi, huzipandisha juu zile ambazo hakuna anayezijua.

Kisha soma maneno yenyewe. Maoni mengi ya nyota tano huandikwa siku ya kwanza au ya pili: "Imefika salama, haina mkwaruzo, ahsanteni." Hiyo ni sifa ya mwenye pikipiki au lori. Friji huonyesha tabia yake baadaye, mpira wa mlango unapolegea, maji yanapoanza kukusanyika chini ya droo ya mboga, kutu inapochungulia kwenye miguu, na hili la kutu kwetu sisi tunaopulizwa na upepo wa chumvi huja mapema. Maoni ya nyota tatu ndiyo yaliyotufaa kuliko yote, kwa kuwa mwandishi wake hana furaha ya kupindukia wala ghadhabu, naye kwa kawaida hutaja kitu mahususi: "Inapoesha vizuri, lakini freza haigandishi nyama hadi asubuhi."

Tena uangalie aliyeandika anakaa wapi, akisema. Friji iliyosifiwa na mtu wa Limuru, kwenye baridi ya milimani, haijajaribiwa kwa joto la Likoni hapa pwani. Watengenezaji wanalijua jambo hili, na ndiyo sababu friji hupewa daraja la hali ya hewa kwa herufi: SN kwa chumba chenye joto la nyuzi 10 hadi 32 za Selsiasi, N kwa 16 hadi 32, ST kwa 16 hadi 38, na T kwa 16 hadi 43. Mombasa mwezi wa Februari na Machi jua la mchana hufikisha nyuzi 32 au 33 huko nje, na ndani ya jiko linalopika pilau mambo huwa mengine. Friji ya daraja N katika jiko kama la dada yangu itafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake karibu kila mchana wa kaskazi, kompresa ikinguruma bila kupumzika. Katalogi tulizozipekua ziliiacha herufi hii karibu kote. Tuliipata kwa kukuza picha ya ule ukuta wa ndani ya friji, ambako hubandikwa kibati chenye maelezo ya kiwandani, na palipokosekana picha hiyo tuliiomba.

Nyota za aina ya pili ni za umeme. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 kuhusu ufanisi wa nishati wa vifaa vya umeme ziliziweka friji miongoni mwa vifaa vinavyotakiwa kuwa na lebo, na msimamizi wake leo ni Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Nyota zikiwa nyingi, friji hula umeme kidogo kwa kazi ile ile. Nyota hizi hazisemi kama friji inadumu, wala kama wateja wameipenda. Panapotajwa matumizi ya mwaka, acha nyota uchukue nambari: friji ya uniti 219 kwa mwaka hutumia uniti 0.6 kwa siku, na ya uniti 310 hutumia karibu 0.85. Tofauti ni uniti 91 kwa mwaka, uzizidishe kwa bei ya uniti iliyo katika ujumbe wako wa mwisho wa tokeni, halafu uzidishe kwa miaka unayotarajia kukaa na friji hiyo. Mara nyingi elfu mbili ulizookoa dukani huwa zinakusubiri kwenye mita.

Nyota za aina ya tatu huchorwa kwenye mlango wa freza au kwenye kibati, nazo hueleza baridi ya freza peke yake. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12 chini ya sifuri, tatu ni 18 chini ya sifuri. Nyota nne ni baridi hiyo hiyo ya 18 chini ya sifuri, pamoja na uwezo wa kugandisha chakula kibichi kilichoingia kikiwa na joto lake. Kwa mwenye kununua ice cream iliyokwisha kuganda tofauti hii si kitu. Kwa dada yangu, anayerudi sokoni na kilo nne za changu na tasi akazitia zote freza kwa mara moja, ndiyo tofauti yenye kuamua, na hakuna kichujio hata kimoja kilichokuwa na nafasi yake.

Kuonyesha mfano

Ingia duka la leso katika mtaa wa Biashara usikilize. Mama mtu mzima anaingia, na hasemi anataka leso ya pamba ya uzito fulani yenye pindo la upana fulani. Anaangaza macho ukutani, ananyosha kidole.

"Mwanangu, niteremshie ile."

Kijana anaitandaza doti mezani. Mama anapapasa kitambaa, anasoma jina, anatikisa kichwa.

"Kama hii, lakini mji wake usiwe na maua makubwa hivi. Na jina liwe la upole, ni ya kumpa mkwe."

"Tazama hii basi, mama. Pindo ni lile lile."

"Rangi hii inachuja?"

"Haichuji. Lakini ukitaka iliyokolea zaidi, ninayo."

Katika dakika kumi doti tano zimetandazwa, kila moja ikisahihisha kosa la iliyotangulia, na mama anatoka na leso ambayo alipoingia asingeweza kuieleza. Hakuulizwa vipimo. Alionyeshwa kitu, akasema kinapungukiwa na nini, akaonyeshwa kingine. Mtu hujua haraka zaidi kile asichokipenda akikiona kuliko kile anachokipenda akiulizwa.

Njia hii iliwahi kuingizwa katika kompyuta zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1996, mji wa Chicago ulipokuwa ukipokea wageni wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic cha Marekani, Robin Burke, Kristian Hammond na Benjamin Young wa Chuo Kikuu cha Chicago waliutolea mji huo mfumo wa kuchagulia mikahawa ulioitwa Entree. Mgeni alitaja mkahawa anaoupenda kwao, mfumo ukampa unaofanana nao wa Chicago, kisha chini yake vikawekwa vitufe vya kusahihisha: wa bei ya chini zaidi, mzuri zaidi, wenye utulivu zaidi. Kila akibonyeza, hupata mwingine wa jirani yake. Mgeni hakuhitaji kujua wala kutaja kiwango chochote cha kitaalamu.

Katalogi nyingi za leo zina safu iitwayo "bidhaa zinazofanana" au "wateja walionunua hiki walinunua pia", na mnunuzi anaweza kudhani ni kitu kile kile. Sivyo. Safu hizo mara nyingi hutoka katika hesabu ya nani alitazama au alinunua nini pamoja na nini, njia iliyopata umaarufu kupitia Amazon tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa sufuria na mfuniko wake hesabu hiyo hufanya kazi vizuri sana. Kwa friji huchekesha, maana ukishanunua moja katalogi huendelea kukuonyesha nyingine kumi wiki nzima, kana kwamba umeanza kuzikusanya. Na zaidi ya yote, safu hiyo haikuruhusu useme "kama hii, ila".

Basi tukaifanya wenyewe, kwa mkono. Tulichagua friji moja ambayo dada yangu aliitazama akasema "hii inakaribia", tukaifanya kielelezo. Ilikuwa na upana wa sentimita 60, ambao na katoni yake usingepita kwenye kona ya ngazi, na freza yake ilikuwa ya nyota tatu. Tukatafuta inayofanana nayo katika yote isipokuwa upana. Tulipoipata tukaihesabu hiyo kuwa kielelezo kipya, tukasahihisha freza. Sharti ni kubadilisha jambo moja kila mara, kwa maana ukibadilisha matatu kwa pamoja hujui tena umepata nini na umepoteza nini. Hatua zilikuwa nne, na ndizo zilizotukutanisha tena na ile friji ya 40,500 iliyokuwa imekatwa na kichujio.

Mahali ambapo njia hii ni nyepesi zaidi mjini Mombasa ni kwa wauzaji wa WhatsApp, ambao siku hizi wanaweza kuweka katalogi ndani ya programu hiyo yenyewe. Dada yangu alimtumia muuzaji mmoja picha ya kielelezo na maneno haya: "Salaam aleikum kaka, ninataka kama hii ila isizidi sentimita 56 na freza iwe ya nyota nne." Jibu likaja na picha mbili na picha ya kibati. Hakuna kichujio kilichofanya hivyo kwa jioni mbili. Hata hivyo, muuzaji huyo ana ghala lake, na "kama hii" yake haitoki nje ya ghala hilo. Alichokituma kilikuwa kizuri, lakini bei zake tulizipima kwa kuandika nambari za modeli katika kisanduku cha kutafutia cha maduka mengine, na hapo ile njia ya kwanza ikapata kazi yake. Tena wapo wanaoficha bei na kuandika "njoo inboksi" chini ya kila picha. Mtu wa namna hiyo amemnyima mnunuzi kielelezo cha kwanza kabisa, na mimi humpita.

Ikumbukwe kwamba mtu anayeuliza maswali mengi hamsumbui muuzaji. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kupitia intaneti ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa na ya kusahihisha makosa kabla ya mkataba kufungwa. Picha ya kibati ni ombi dogo.

Jedwali la kulinganisha

Jedwali, lile linaloweka bidhaa mbili au tatu bega kwa bega, wengi hulikimbilia mwanzoni. Mahali pake ni mwishoni. Ukiweka friji sita, safu za "ndiyo" na "hapana" zinachosha macho, na mtu humalizia kwa rangi. Ukiweka mbili zilizosalia baada ya kusahihisha kwa mfano, jedwali hukuonyesha kwa dakika moja zinapoachana.

Tahadhari moja: jedwali ambalo duka limelipanga lenyewe huwa na bidhaa tatu, na ya tatu inaweza kuwa chambo. Watafiti Joel Huber, John Payne na Christopher Puto walionyesha mwaka 1982 kwamba ukiongeza chaguo linaloshindwa waziwazi na moja kati ya yale mawili ya mwanzo, watu wengi zaidi huvutwa kwa lile linalolishinda, ingawa karibu hakuna anayelichagua hilo la tatu. Tuliona mfano wake: friji A ya shilingi 38,500, friji B ya 36,900, na pembeni yao friji C ya 41,900 iliyofanana na A kwa kila kitu ila ilikuwa na lita pungufu. C haikuwa na sababu ya kuwapo isipokuwa kuifanya A ionekane ni bahati. Tukaifuta.

Katika jedwali hilo zikabaki mbili. A ilikuwa na lita 213, mfumo usiogandisha barafu ukutani, freza ya nyota nne, daraja N, nyota tatu za umeme. B ilikuwa na lita 207, freza ya nyota nne pia, daraja T, nyota nne za umeme, lakini ni ya kuyeyushwa barafu kwa mkono. Katika hewa ya Mombasa iliyojaa unyevu, kila mlango unapofunguliwa unyevu huo huingia na kuganda, kwa hiyo mwenye B atakuwa akiizima na kuyeyusha mara kwa mara kuliko mwenye friji kama hiyo huko Nakuru. Huo ni usumbufu wa kweli. Mimi ningechukua A kwa uvivu wangu. Dada yangu alisema barafu anaijua, amekuwa akiiyeyusha tangu akiwa msichana kwa sufuria ya maji moto, na asilolijua ni jinsi ya kulipa tokeni za kompresa isiyolala. Tofauti ya lita sita hakuna aliyeitaja tena.

Kama ningelazimika kumpa mtu njia moja tu, ningempa ya mfano, na mwenye duka mjini hapa anayetengeneza katalogi yake leo ningemwomba aweke chini ya kila picha vitufe vitatu tu: ya bei ya chini zaidi, nyembamba zaidi, ya freza yenye nguvu zaidi. Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee, lakini wao walikuwa na jembe mkononi; anayechagua kwa picha ana udhuru.

B ilifika Alhamisi alasiri. Mahamali wawili walijaribu kuipandisha na katoni yake ikagoma kwenye kona. Tukaivua katoni pale pale ngazini, wakaigeuza ubavu kidogo, ikapita ikiwa imebakiza vidole viwili kila upande. Dada yangu alifungua mlango, akasoma kibati kwa tochi ya simu hadi alipoiona herufi T, ndipo akatuma fedha kwa M-Pesa. Tuliiacha isimame wima hadi baada ya isha, ili mafuta ya kompresa yashuke mahali pake, kabla ya kuitia plagi.